Haki ya Kuogopa

Pale Kangeta, huku kwetu Igembe katika Meru, ukingoni mwa barabara iendayo Maua, waendesha bodaboda wana ubao wa drafti waliouchora kwa kalamu nene juu ya kipande cha plaiwudi. Kete zao ni vizibo vya soda. Mmoja hulaza vyake chali, mwenzake hulaza vyake kifudifudi, na hivyo majeshi mawili ya kete 12 hutambuana bila kuhitaji rangi. Alasiri niliyosimama hapo, miraa ya siku hiyo ilikuwa imeshaondoka. Majani ya migomba yaliyobaki baada ya vibunda kufungwa yalikuwa yamekanyagwa hadi yakashikana na udongo, na watu waliokuwa mbioni tangu alfajiri sasa walikuwa na nafasi ya kutazama mchezo. Kijana mmoja alikuwa amebaki na kete nne dhidi ya tano za mzee aliyevaa koti la mvua. Hakuna aliyekuwa na kingi. Kwa hesabu, vita vilikuwa bado vibichi. Lakini mzee alikuwa ameacha kuutazama ubao. Alikuwa akimtazama kijana usoni. "Mwanangu, umechoka," alimwambia kwa upole wa kutisha. "Tafuta abiria, sisi tutakulindia nafasi yako." Watazamaji wakaangua kicheko. Kijana akanyoosha mkono asogeze kete, mkono ukasita hewani, ukarudi gotini. Akaunyoosha tena. Kisha akazoa vizibo vyote kwa kiganja, vyake na vya mzee, akasema, "Basi, tupange upya."

Tangu siku hiyo swali moja halijaniacha: yule kijana alishindwa mahali gani? Ubaoni hakushindwa. Kete zake nne zilikuwa hai, mbili zikiwa zimebanana na ukingo ambako haziliki. Alishindwa pale mkono uliposita hewani, na ubao ulikuja kupata habari baadaye. Wahenga wamesema asiyekubali kushindwa si mshindani, na methali hiyo nimeisikia mara nyingi ikitumiwa kumtuliza mtu aliyekwisha kushindwa. Lakini kuna kukubali kunakotangulia kushindwa, kunakokuzaa kushindwa kwenyewe, na huko ndiko ninakotaka kukuzunguka taratibu, maana naamini vita vingi vya binadamu vimeamuliwa huko, mahali pasipo na damu wala vumbi, kati ya bega na kiganja.

Wachezaji wa bao wa pwani wanalijua jambo hili vizuri zaidi kuliko sisi wa milimani. Bao la Kiswahili lina kete 64, kila mchezaji akiwa na 32, na mwanzoni hupanga sita katika nyumba, mbili na mbili kando yake, 22 zikabaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Mchezaji anaweza kuliwa shimo baada ya shimo akatulia. Lakini aliwe nyumba iliyokwisha kunona, utaona mabega yakishuka hata kama hesabu bado inamruhusu kuinuka. Na barazani bao halichezwi kimya. Kuna anayehesabu kwa sauti, kuna anayeguna, kuna anayecheka kabla kete ya mwisho haijatua. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, na nadhani kiongozi wa watu alipata pale somo ambalo vyuo havifundishi: kwamba mpinzani ana mikono miwili, mmoja unaocheza, na mwingine usioonekana unaoshikilia ule wa kwanza usitetemeke.

Kanali mmoja Mfaransa, Charles Ardant du Picq, aliyeuawa vitani mwaka 1870, alitumia miaka yake ya amani kuchunguza jinsi Wagiriki na Warumi wa kale walivyopigana. Tumezoea kuwaza kwamba majeshi mawili yaligongana uso kwa uso, yakasagana hadi moja likaisha. Yeye aliona vingine. Aliona kwamba mara nyingi, kabla mgongano wenyewe haujafika ukomo wake, upande mmoja uligeuka. Na kwamba mauaji makubwa yalitokea baada ya hapo, waliogeuka wakichomwa migongoni. Maiti walilala kwa maelfu upande mmoja na kwa makumi upande wa pili, si kwa sababu mikuki ya washindi ilikuwa mirefu zaidi, bali kwa sababu walioshindwa hawakuwa tena na nyuso za kuwaelekeza wauaji wao. Kinachovunjika kwanza ni kile kitu kati ya mtu na mtu, ule uhakika kwamba aliye kushoto kwangu bado yupo. Kikivunjika, jeshi linabaki kuwa umati wa watu wenye silaha, na umati una miguu tu.

Ni ajabu basi kwamba michezo mingi ya vita imejengwa kana kwamba kete hazina moyo. Sataranji haijui hofu: pauni wa mwisho husonga mbele kwa utulivu uleule wa wa kwanza. Drafti haijui hofu. Hofu yote imeachiwa wachezaji, imekaa nje ya ubao, kwenye mikono. Ilipofika mwaka 1824, luteni mmoja wa Prussia aitwaye von Reisswitz aliwaletea wakubwa wake mchezo wa kufundishia maofisa, wenye ramani, mwamuzi aliyejua mambo ambayo wachezaji hawakuyajua, na dadu za kuamua yale ambayo hakuna jemadari anayeyatawala. Miaka 150 baadaye, mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo ambao kila aliyeketi mezani ni mtu mmoja ndani ya hadithi, na msimulizi mmoja hushika dunia nzima iliyobaki. Gygax alikuwa tayari ameshirikiana na Jeff Perren kuandika Chainmail, mchezo wa vita wa mwaka 1971, na humo mlikuwa na kanuni za kupima ni lini kikosi kitakata tamaa. Wajukuu wa mchezo wa von Reisswitz, kwa njia ndefu, walikuwa wameanza kuwapa kete moyo.

Mchezo wa Gygax na Arneson ulifika Igembe ndani ya mkoba wa binti wa dada yangu. Anasoma chuo kikuu Nairobi, na likizo moja alikuja na nakala iliyopigwa chapa ya kanuni za mwaka 1981, zile zilizohaririwa na Tom Moldvay, pamoja na dadu alizoazima. Aliketi kwenye meza ya sebuleni, kaka zake wadogo wakamzunguka, bakuli la njugu katikati, naye akawa msimulizi. Adui walikuwa viumbe wadogo wenye hila, ambao yeye aliwaita vibwengo: saba, wamevamia zizi usiku. Nilikaa kochini nikisoma gazeti ambalo baada ya dakika chache sikulisoma tena. Kibwengo wa kwanza alipoanguka, binti alirusha dadu mbili. Akatazama, akasema, "Wamesimama." Vita vikaendelea. Wa nne alipoanguka, akarusha tena, zikasoma tisa. Akanyamaza kidogo. "Wanatupa mikuki. Wanakimbilia mtoni." Mdogo wake akaruka kitini: "Tuwafuate! Wametupa mgongo!" Hakumkataza. Alimwambia tu, kwa sauti ya kusimulia, "Mnawafuata. Wa nyuma kabisa ni mdogo, anachechemea. Nani anampiga?" Vijana wakatazamana. Aliyesema tuwafuate akachukua njugu, akazimenya moja moja, na hakuna aliyempiga yule kibwengo.

Baadaye nilimwomba anionyeshe kanuni yenyewe. Ni fupi, haijai hata ukurasa. Kila kiumbe katika kitabu kina namba ya ari, kuanzia 2 hadi 12. Msimulizi anashauriwa kuipima wa kwanza wao anapouawa, na tena nusu yao wanapokuwa hawawezi kupigana. Dadu zikizidi ile namba, wanakimbia au wanasalimu amri. Wakistahimili mara zote mbili, hawapimwi tena. Hao watapigana hadi wa mwisho. Nilipitia orodha yote nikisoma namba hizo, na kwa kweli nilisoma kwa moyo kunidunda. Kibwengo ana 7. Binadamu wa kawaida, asiye askari, mtu wa shamba na soko, ana 6. Dadu mbili zina njia 36 za kuangukia, na kwa huyo mwenye 6, njia 21 zinamwambia kimbia. Maana yake kitabu kinamtazama mtu mfano wako na mimi, aliyeshika panga kwa sababu hakuna aliyemwuliza, na kinasema bila aibu: mwenzake wa kwanza akianguka kando yake, yaelekea ataondoka. Nikatafuta walio na 12, wale ambao dadu haziwezi kuwazidi kamwe. Miongoni mwao nikakuta mifupa itembeayo na maiti waliofufuliwa kwa uchawi. Asiyeogopa kabisa ni aliyekwisha kufa.

Katika masimulizi yetu ya ushujaa, iwe ya redioni, ya vitabu vya shule au ya mazishi, adui huwa na namba 12. Huja kwa wingi, huanguka kwa wingi, hana mtoto anayechechemea nyuma yake. Tunampamba kwa ukatili ili tusilazimike kumpa woga. Na mtu asiye na woga unaweza kumfanyia lolote, maana huwezi kumwumiza kwa namna unayoifahamu kutoka mwilini mwako. Kanuni ile ya dadu mbili inafanya jambo ambalo mahubiri mengi hayajaweza: inamlazimisha mtu mwenye miaka 16, akiwa na hamu ya kushinda, asimame mbele ya kiumbe aliyetupa mkuki na aamue sasa atakuwa nani. Kabla ya dadu kurushwa, alikuwa anapigana. Baada ya dadu, akiendelea kupiga, ni kitu kingine anachofanya, na mezani kila mtu anajua.

Lakini kanuni ina mlango wa pili, nao ulinishughulisha zaidi. Wachezaji wenyewe hawapimwi. Msimulizi hurusha dadu kwa ajili ya maadui, na kwa ajili ya vibarua waliokodiwa kubeba mizigo na mienge, ambao ari yao hupanda au kushuka kulingana na haiba ya aliyewaajiri. Shujaa wa mchezaji haguswi. Hakuna dadu inayoweza kumwambia kimbia. Anaweza kukimbia, naam, lakini itabidi aseme kwa kinywa chake mbele ya wenzake: mimi naondoka. Nilimwona yule yule mdogo wa njugu, usiku uliofuata, shujaa wake akiwa na uhai wa pointi mbili na mlangoni pakiwa na kitu kikubwa kinachopumua. Alisugua paji la uso. Alimtazama dada yake akitumaini angempunguzia mzigo kwa kurusha dadu. Dada hakurusha. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio: methali hiyo nyanya yake angeweza kumwambia, na ingemtosha, kwa kuwa inajua kwamba nyumba ya anayekimbia ndiyo inayocheka jioni, na nyumba ya anayebaki ndiyo inayolia. Hatimaye akasema, kwa sauti ndogo, "Nafunga mlango." Sijui kama ipo shule nyingine ya hofu iliyo salama hivyo.

Vita vya Igembe ya zamani havikuwa mchezo, ingawa vilikuwa na kanuni. Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru na kuyachapisha mwaka 1982, alikuta kumbukumbu za nthaka, vijana wapiganaji, na za misafara ya kuteka ng'ombe. Anayekwenda kuteka ng'ombe hataki kuangamiza. Anataka kurudi nyumbani akiwa na kitu kinachotembea. Vita vya namna hiyo hushindwa au hufaulu kwa ari hasa: kwa kelele za usiku, kwa nyimbo, kwa kumfanya mwenye zizi aamini kwamba nyuma ya mwenge mmoja kuna watu 100. Na nyuma ya wapiganaji alisimama Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru. Padri Bernardo Bernardi wa shirika la Consolata, katika kitabu chake cha mwaka 1959, aliandika jinsi ilivyoaminika huko Imenti kwamba nguvu ya Mugwe imo katika mkono wake wa kushoto. Mkono huo ulifichwa daima chini ya vazi lake. Hakuna aliyepaswa kuuona. Na ilisemwa kwamba adui akivamia, ingetosha Mugwe kuuinua mkono huo, naye adui angesimama.

Nimeufikiria mkono huo mara nyingi. Mtu wa leo ataharakisha kuuliza kama kweli ungemzuia adui. Mimi naona kazi yake kubwa ilikuwa kwa watu wa upande wake. Kijana aliyekuwa akishuka gizani na mkuki, tumbo limemkaza, alijua kwamba mahali fulani nyuma yake kuna mkono ambao haujatumika. Silaha iliyokwisha kutumika ina mpaka. Umeona ilichoweza na ilichoshindwa. Mkono uliofichwa hauna mpaka. Ndiyo maana haukupaswa kuonekana, na ndiyo maana, naamini, haukupaswa kuinuliwa ovyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ari ya jamii nzima ilikuwa imewekwa chini ya nguo ya mzee mmoja aliyekaa bila kufanya lolote, na kukaa kwake bila kufanya lolote ndiko kulikowashikilia.

Kisha zikaja nyakati ambazo hofu ilirushwa kutoka angani. Hali ya hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952, na misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ikajaa wapiganaji wa Mau Mau, Wameru na Waembu wakiwa miongoni mwao. Serikali ya kikoloni haikutegemea mabomu ya ndege za Lincoln peke yake. Ilituma ndege zenye vipaza sauti kupita juu ya miti zikiwaita watu watoke. Iliangusha karatasi. Agosti 1953 ilitangaza kwamba atakayetoka msituni ameinua tawi la kijani ataruhusiwa kusalimu amri. Jenerali China, Waruhiu Itote, mtu aliyekwisha kupigana Burma katika jeshi la King's African Rifles, alipokamatwa Januari 1954 alitumiwa kuwaandikia wenzake barua za mazungumzo ya kusalimu amri. Waliopanga haya walikuwa wamesoma somo lilelile la Ardant du Picq: kata uzi ulio kati ya mtu na mtu, na msitu wenyewe utawatema.

Msituni nako waliujua uzi huo, na kiapo ndicho kilichousokota. Tumezoea kukizungumzia kiapo cha Mau Mau kwa kunong'ona, ama kwa sababu ya vitisho vilivyokizunguka, ama kwa sababu ya yale wakoloni waliyoyaandika kukihusu. Mimi nakiona pia kama jibu la swali la dadu: ni nini kitamfanya mtu mwenye namba 6 abaki wa kwanza akianguka, na abaki tena nusu wakiisha? Kiongozi wao Dedan Kimathi alikamatwa 21 Oktoba 1956, na kwa kila kipimo cha vita kile kingekuwa kipimo cha pili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Upande wa Meru, Musa Mwariama hakutoka. Hakukamatwa. Alibaki msituni mpaka uhuru ulipofika 12 Desemba 1963, ndipo akatoka. Jenerali Baimungi naye alitoka, akaitazama nchi huru, akaona ardhi aliyoipigania haijamfikia, na mwaka 1965 akauawa na vikosi vya serikali ya Kenya. Watu hawa wawili ni wagumu kwangu. Kitabu cha dadu kinasema waliostahimili mara mbili hawapimwi tena, watapigana hadi mwisho. Lakini hakisemi lolote kuhusu siku ambayo vita vinakwisha kwa wengine wote, na mtu bado amesimama pale alipoapa kusimama. Nampa heshima yangu yote. Na bado namhurumia, kwa kuwa aliyejifunza kutoogopa kwa miaka 11 hana mahali pa kwenda kuuliza jinsi ya kuanza tena kuogopa.

Kuna mchezo mwingine wa mezani, Call of Cthulhu, uliochapishwa mwaka ule ule wa 1981, ambao shujaa wake hupimwa utimamu wa akili. Kila anapoona jambo la kutisha namba hiyo yaweza kushuka, na kuirudisha juu ni kazi ndefu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nawafikiria vijana wetu waliovuka kuingia Somalia tangu Oktoba 2011, wengine kutoka hivi vilima vyetu, ambako miraa nayo huvuka kwa njia zake. Kambi ya El Adde ilishambuliwa 15 Januari 2016, na serikali haikututangazia idadi ya askari waliokufa. Nimesikia ikisemwa kwamba idadi hufichwa ili ari isivunjike. Ari ya nani? Walio mstari wa mbele walihesabu wenyewe; waliwaona wa kwanza na waliiona nusu. Ni sisi huku nyuma tuliokingwa tusirushe dadu zetu, na mama aliyekuwa akisubiri simu alikwisha kuzirusha usiku wa kwanza. Taifa lisilotaka kuhesabu linawaomba watoto wake wawe na namba 12, na tumeshaona ni kina nani wenye namba hiyo.

Ndiyo sababu narudi kwa wazee wa Igembe, kwa kitu walichokuwa nacho ambacho sijakikuta katika kitabu chochote cha michezo. Kinaitwa gichiaro. Ni undugu uliofungwa kati ya ukoo na ukoo, au kati ya eneo na eneo, na waliofungwa nao hawamwagiani damu. Hawadanganyani. Mmoja akiomba chakula, mwenzake hawezi kumnyima. Wanaheshimiana kwa hofu, na hofu hiyo ina meno: anayeuvunja undugu huo anajiitia balaa yeye na watoto wake. Haukufa na wakoloni. Hadi leo, katika mashauri ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, huku Igembe, mtu wa gichiaro huweza kuitwa aje asimame mbele ya mshtakiwa, kwa sababu mbele yake uongo ni mzito kuliko mbele ya hakimu. Tafakari ukubwa wa jambo hili vitani. Tawi la kijani la mwaka 1953 lilimtaka aliye dhaifu atoke, ainue mkono, aamini neno la aliye na bunduki. Gichiaro inamfunga aliye na mkuki. Ikishajulikana kwamba huyu ni wa ukoo fulani, anayepaswa kuogopa ni yule ambaye dakika moja iliyopita alikuwa anashinda. Hofu inabadilisha upande bila mtu yeyote kupigwa.

Binti wa dada yangu sasa anaandika mchezo wake mwenyewe. Uwanja wake ni safu ya Nyambene, na vibwengo hawamo tena. Kuna mazizi, kuna misitu, kuna nthaka wanaoshuka usiku kuelekea tambarare, kuna mzee mwenye mkono uliofichwa ambao kanuni inamruhusu msimulizi kuuinua mara moja tu katika maisha ya mchezo mzima. Alinijia na daftari. "Mjomba, gichiaro niipe namba ngapi?" Tuliizungumza hadi chai ikapoa. Tulijaribu 9, tukajaribu kuiongeza kwenye dadu, tukajaribu kuipunguza. Kila namba tuliyoiweka iliacha nafasi ya dadu kuizidi, na gichiaro haizidiwi kwa bahati; inavunjwa kwa makusudi, na anayeivunja anajua. Mwisho tukafuta namba. Kanuni aliyoiandika ni hii: kabla ya dadu yoyote ya vita kurushwa, kila mmoja, mchezaji au adui, ana haki ya kutaja ukoo wake. Kama kati ya koo mbili pana gichiaro, dadu hazirushwi. Mwenye mkuki anaweka mkuki chini na kumlisha mwenzake, hata kama mchezo mzima utaharibika kwa ajili hiyo.

Kisha akaongeza sharti ambalo mimi nisingelifikiria. Hataki koo za kubuni. Kila anayeketi mezani atumie ukoo wake wa kweli na gichiaro yake ya kweli, na kama haijui, akaulize kabla hajapewa kadi. Kaka zake walitazamana. Walijua namba za vibwengo wote kwa kichwa, lakini hili hawakulijua. Yule wa njugu akatoka nje penye mtandao mzuri, akampigia nyanya yake, akamwuliza ukoo wetu una gichiaro na nani. Alikuwa ameweka simu kwenye spika, nasi sote tulimsikia mama yule akinyamaza, kisha akauliza kwa haraka, "Kwani mmepigana na nani?"